Kiberiti cha Gesi Chadai Maagizo kwa Kiswahili

Neno kiberiti lina kisa ambacho walimu wa lugha hupenda kuwasimulia wanafunzi wao. Asili yake ni Kiarabu, ambamo kibrit ni yale madini ya manjano yanayonuka yakichomwa, ambayo wazee wetu waliyaita kiberiti upele kwa kuwa waliyatumia kutibu upele. Njiti za kuwashia moto zilirithi jina la madini hayo. Waswahili nao wakaisikia ile ki- ya mwanzo, wakaichukulia kuwa kiambishi cha ngeli, wakasema kiberiti na viberiti kama walivyosema kitabu na vitabu. Siku hizi jina hilo hilo limehamia kwenye chombo cha chuma au plastiki chenye gesi ndani, ambacho hakina haja yoyote na madini hayo. Tena, kama nitakavyoeleza, mwenye kukitumia kuwashia biri hutaka gesi iliyosafishwa hata isisalie harufu ya madini hayo. Basi tunacho kiberiti kisicho na kiberiti.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, leo sikukusudia kucheza na asili ya maneno. Nataka kueleza jinsi ya kukichagua na kukitunza kiberiti cha gesi cha kuwashia biri, na kwa nini maelezo kama hayo yanapaswa kuandikwa kwa Kiswahili. Sababu ya kulishika jambo linaloonekana dogo hivyo ni mkono wa kulia wa mjomba wangu.

Mjomba ni baharia mstaafu anayeishi Mombasa. Alizoea biri akiwa melini. Ninaposema biri nakusudia zile nene zilizokunjwa kwa majani matupu ya tumbaku, mfano wa zile za Havana, wala si zile nyembamba za Kihindi. Hadi leo hujiruhusu moja kila Ijumaa jioni, akiwa barazani kwake. Mimi mwenyewe sivuti, wala simshawishi yeyote avute. Madhara ya tumbaku yanafahamika, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuvuta katika mahali pa umma na kuwauzia walio chini ya miaka 18. Lakini mzee aliyepita miaka 70 ana hiari yake, na mpwa hana amri juu ya mjombawe.

Rafiki yangu mmoja alirudi kutoka ng'ambo na kiberiti cha biri, kizuri, cha chuma, kikiwa kitupu kwa kuwa hairuhusiwi kusafiri na gesi yake ndegeni. Nikanunua kopo la gesi Nairobi, nikampelekea mjomba vyote viwili. Ndani ya sanduku la kiberiti mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imeandikwa kwa lugha tisa. Kiswahili hakikuwamo. Nikaisoma sehemu ya Kiingereza kwa haraka, nikairudisha sandukuni, nikamwambia: "Ni rahisi tu, mjomba. Gesi ikiisha unajaza kwa hapa chini."

Baada ya majuma machache gesi iliisha. Mjomba akaketi barazani penye upepo mwanana, jiko la makaa la kupashia kahawa likiwa karibu na miguu yake, akaanza kujaza. Gesi ikawa inafoka pembeni mwa mdomo wa kopo. Naye akazidi kukandamiza, akidhani kuwa chombo hakijashiba. Ghafla moto ukaruka kutoka sakafuni, ukamshika mkono na pindo la kikoi. Jirani aliyekuwa akipita aliuzima kwa ndoo ya maji. Nilipofika kumjulia hali nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, "Marahaba, mpwa wangu," kisha akaniuliza swali moja tu: "Ile karatasi ilisemaje?"

Ilisema yote. Ilisema usijaze karibu na moto. Ilisema ni lipi la kufanya gesi ikifoka. Mimi niliisoma, mjomba hakuweza, na yule aliyeweza hakumwambia aliyehitaji. Wahenga walisema kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Kwa hakika mjomba si mtu asiyejua maana. Anasoma Kiswahili kwa ufasaha unaowapita wengi wa wanafunzi wangu, na maisha yake yote ya kazi yalipita miongoni mwa mitambo. Kilichokosekana ni maana yenyewe kuwekwa mbele yake katika lugha anayoisoma.

Acha basi nifanye leo nilichopaswa kukifanya siku ile.

Gesi iliyomo kiberitini huitwa butani, nayo hutokana na mafuta ya petroli na gesi asilia. Kwenye usawa wa bahari huchemka kwenye joto la karibu nusu nyuzi chini ya sifuri kwa kipimo cha selisiasi. Maana yake ni kwamba, ikiachwa huru katika hewa yetu ya joto, haiwezi kukaa majimaji hata kidogo. Lakini ikifungiwa katika chombo, hugeuka majimaji kwa shinikizo dogo, yapata maradufu ya shinikizo la hewa wakati joto likiwa nyuzi 20. Ndiyo maana tangi dogo linaloenea kiganjani huweza kubeba moto wa kuwashia mara nyingi sana. Unapofungua vali, majimaji hayo huchemka yenyewe, yakatoka kama gesi, na cheche ikayawasha.

Butani ina tabia nyingine, nayo ndiyo iliyomuunguza mjomba. Ni nzito kuliko hewa, takriban mara mbili. Ikivuja haipandi kama moshi bali hushuka, ikatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, ikatafuta bonde. Jiko la kahawa lilikuwa hapo hapo sakafuni. Mjomba alikiinua kiberiti mbali na makaa kwa kimo cha goti na akaamini kuwa yu salama, ilhali gesi ilikuwa ikiyafuata makaa yenyewe.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwa nini mvuta biri atake gesi na si njiti wala petroli? Kwa sababu tumbaku ni jani linalonyonya harufu. Kichwa cha njiti kikiwaka hutoa harufu ya madini yaliyolipa jina, na mwenye kutumia njiti hulazimika kungoja kichwa kiteketee kabla ya kuisogeza kwenye biri. Viberiti vya petroli vyenye utambi, vya aina iliyoanza kutengenezwa na Zippo huko Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1930, ni imara mno, lakini moto wake huiachia tumbaku ladha ya mafuta. Butani safi haiachi harufu. Hapo ndipo penye sababu yote.

Viberiti vya gesi ni vya mwali wa namna mbili. Kuna mwali laini, wa manjano, unaoyumba kama wa mshumaa, na kuna mwali mkali, wa buluu, unaotoka kwa kishindo kama wa kichomeo cha fundi. Katika mwali laini, gesi hutoka kwanza ndipo ikutane na hewa. Katika mwali mkali, gesi hupita kwenye tundu jembamba kwa kasi, ikavuta hewa kupitia vitundu vya pembeni, zikachanganyika kabla ya kuwaka. Matokeo yake ni moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 usiozimwa na upepo. Kila mmoja una ubora wake na ila zake. Mwali laini huipasha biri taratibu bila kuikausha wala kuibabua, lakini pepo za kaskazi na kusi haziuachi uishi. Mwali mkali huyashinda mawimbi ya upepo, lakini huunguza upesi, na mchana wa jua kali hauonekani vizuri, hata mtu akadhani umezimika na kumbe unawaka.

Kuna jambo jingine ambalo mwuzaji aghalabu hatakuambia, nalo linatuhusu sisi watu wa nchi yenye pwani na milima. Nairobi ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Eldoret takriban mita 2,100. Huko juu hewa ni nyepesi zaidi. Shinikizo la hewa ya Nairobi ni kiasi cha asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kiberiti cha mwali mkali hutegemea kuvuta kiasi maalumu cha hewa, na hewa ikipungua oksijeni, gesi huwa nyingi kuliko inavyostahili, cheche zikalia ta! ta! ta! bila moto. Watu wengi hudhani kimeharibika na hukitupa. Dawa yake ni kinyume cha fikira ya kawaida. Usiongeze gesi, ipunguze. Zungusha kirekebishi kilicho chini kuelekea alama ya kutoa, kidogo kidogo, hadi kiwake. Anayeishi Mombasa penye upepo wa bahari afadhali mwali mkali; anayeishi Eldoret afadhali mwali laini. Hicho ndicho kigezo cha kwanza, wala si nakshi zilizo juu yake.

Kigezo cha pili ni namna ya kutoa cheche. Ajabu ni kuwa chombo cha kuwashia kwa gesi kiliitangulia njiti. Mwaka 1823 mwanakemia Mjerumani, Johann Döbereiner, alibuni taa iliyowaka kwa kurusha gesi ya hidrojeni juu ya platinamu, ilhali njiti za kukwaruza za John Walker, muuza dawa wa Stockton-on-Tees nchini Uingereza, zilianza kuuzwa mwaka 1827. Lakini kiberiti cha mfukoni kilingoja hadi mwaka 1903, Carl Auer von Welsbach wa Austria alipopata hataza ya mchanganyiko wa chuma na madini ya seri ambao ukikwaruzwa hutoa cheche. Huo ndio tunaouita jiwe la kiberiti. Wanafunzi watambue kuwa hilo si jiwe kamwe. Ni metali, na jina limebaki kumbukumbu ya enzi za kugonga gumegume. Njia nyingine ni ya fuwele inayotoa umeme ikigongwa, tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Ukibonyeza kitufe, kinyundo kidogo huigonga fuwele, na umeme ukaruka kwenye waya ulio mdomoni mwa kichomeo. Jiwe huisha, lakini hubadilishwa kwa urahisi na kwa bei ndogo. Fuwele hudumu, lakini ikiharibika wengi hawawezi kuitengeneza. Anayetaka kiberiti cha kurithisha achague cha jiwe.

Kigezo cha tatu ni wingi wa miali. Siku hizi vipo viberiti vya miali miwili, mitatu hata minne. Kila mwali ni mdomo unaokula gesi na tundu jingine la kuziba. Mmoja au miwili hutosha. Aidha, tazama kama kina kidirisha cha kuonyesha kiasi cha gesi kilichosalia, kirekebishi kinachozungushika bila kulegea, na kizuizi cha kumzuia mtoto. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 9994 hutaka kiberiti kistahimili kuangushwa kutoka kimo cha mita 1.5 na kukaa kwenye joto la nyuzi 65. Kizuizi cha watoto kililazimishwa Marekani mwaka 1994 na katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007 kwa viberiti vya bei nafuu. Vile vya kifahari aghalabu havimo katika masharti hayo. Kwa hivyo kiberiti ghali chaweza kuwa rahisi zaidi kuwashwa na mtoto kuliko kile cha dukani pa jirani. Mwenye wajukuu nyumbani na alikumbuke hilo.

Sasa gesi. Hapa neno letu la mwanzo linarudi kwa mlango wa nyuma. Gesi ya kupikia hutiwa kemikali yenye yale madini ya kiberiti, makusudi, ili ikivuja mtu ainuse. Gesi ya kiberiti cha biri husafishwa ili isiwe na harufu hiyo wala mabaki yanayoziba tundu. Ni sawa kwa biri, lakini ina gharama yake, kwa kuwa ikivuja pua haitakuonya vya kutosha. Sikio ndilo mlinzi. Sikiliza mlio wa kufoka. Fauka ya hayo, usithubutu kujaza kiberiti kutoka kwa mtungi wa jikoni. Gesi ya mtungi huwa na propani pamoja na butani, na shinikizo la propani kwenye nyuzijoto 20 ni zaidi ya mara nane ya lile la hewa. Tangi la kiberiti halikuundwa kwa mzigo huo.

Nilipokwisha kumwuguza mjomba, niliketi na kumwandikia maagizo katika ukurasa mmoja wa daftari. Nilijiona nimetenda jambo kubwa. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Inapendekezwa kwamba hewa iliyomo ndani ya tangi iondolewe kikamilifu kabla ya shughuli ya ujazaji kuanzishwa." Nikamsomea. Akanitazama. "Inapendekezwa na nani?" akauliza. "Na hiyo hewa ataiondoa nani, mimi ama wewe?"

Nikafuta, tukaendelea. Mahali fulani niliandika "geuza", na chini yake tena "geuza", mara moja kwa maana ya kukiweka kiberiti kichwa chini na mara ya pili kwa maana ya kukisogeza kirekebishi. Mjomba akanionya kuwa fundi akiambiwa geuza mara mbili atafanya jambo moja mara mbili. Chombo hupinduliwa, gurudumu huzungushwa, skrubu hukazwa au hulegezwa, kopo huinamishwa, kitufe hubonyezwa. Maneno yote hayo nilikuwa nayo. Nilinyweshwa pamoja na maziwa ya mama. Lakini kwa kuwa ile karatasi ya Kiingereza ilitumia neno moja, nami nilitumia moja. Nilikuwa natafsiri badala ya kuandika.

Kosa langu la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Mwishoni mwa ukurasa nilipigia mstari neno Tahadhari, nikaandika chini yake kuwa mtu asijaze karibu na moto. Mjomba akaunyosha mkono wake uliofungwa bendeji, akaliweka dole gumba juu ya mstari ule. "Mwenye kufika hapa," akasema, "ameshaungua."

Ndipo tukauandika ukurasa upya, naye akiamuru, mimi nikiwa karani wake. Nauleta hapa kama ulivyo:

"Ondoa jiko, taa ya moto na sigara. Toka nje penye upepo. Ngoja kiberiti kipoe. Zungusha kirekebishi hadi mwisho wa alama ya kutoa. Pindua kiberiti, vali itazame juu. Bonyeza vali kwa ncha ya bisibisi ndogo hadi mlio uishe. Hiyo ni hewa na gesi kuukuu inatoka. Tikisa kopo la gesi. Lipindue, mdomo utazame chini. Liweke wima juu ya vali, lisiegemee upande. Kandamiza kwa sekunde tatu, uachie. Rudia mara mbili au tatu. Gesi ikifoka pembeni, acha. Ama tangi limejaa, ama kopo limekaa upande. Futa kiberiti. Sogea mbali na hapo ulipojazia. Ngoja dakika tano. Zungusha kirekebishi kidogo kuelekea alama ya kujumlisha. Sasa washa, uso wako ukiwa mbali."

Kila amri ina sababu yake, na mwalimu mzuri ataieleza darasani. Hewa hutolewa kwanza kwa kuwa haigeuki majimaji kwa shinikizo dogo kama butani. Ikibaki tangini huchukua nafasi, na mtu akashangaa mbona kiberiti kilichojazwa jana kimezimika leo. Kirekebishi hupunguzwa kabla ya kujaza ili mwali wa kwanza usiruke hadi kwenye nyusi. Dakika tano hungojwa kwa sababu majimaji yanayogeuka gesi hupoza chombo sana, na gesi iliyopoa haina nguvu ya kutoka sawasawa. Pia muda huo huipa gesi iliyomwagika nafasi ya kutawanyika. Tangi halijazwi pomoni kwa kuwa majimaji hayo hutanuka yakipata joto. Kwa sababu hiyo hiyo, usikiache kiberiti juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Matunzo mengine ni mepesi. Vumbi la mfukoni na masizi ya tumbaku ndiyo adui wa tundu. Pulizia hewa kutoka upande kwa kopo la hewa au pampu ndogo, na usichokoe kwa pini, kwa maana tundu likipanuka mwali hupotoka daima. Kiberiti cha jiwe kikianza kuteleza bila cheche, legeza skrubu ya chini, toa springi, tia jiwe jipya, na upige gurudumu mswaki mkavu. Usiuache mwali mkali uwake mfululizo zaidi ya sekunde kumi, usije ukayeyusha sehemu za ndani. Unapowasha biri, usiichovye motoni. Ishike juu kidogo ya ncha ya mwali, uizungushe hadi ukingo wote ugeuke jivu jembamba, ndipo uvute. Na kiberiti au kopo lililokwisha lisitupwe katika shimo la taka linalochomwa moto. Walimu wa zamu shuleni wanaosimamia uchomaji wa taka walizingatie hili, kwa sababu kopo linaloonekana tupu bado lina gesi ya kutosha kulipuka mbele ya watoto.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: Je, haya yote yahitaji mhadhiri wa isimu? Nami nitajibu kuwa ndiyo, yanamhitaji, na hilo ndilo linalonitia haya. Kwa miaka mingi sisi wanaisimu tumekutana katika makongamano tukajadili iwapo Kiswahili kina uwezo wa kubeba sayansi. Tumeunda istilahi kwa mamia na kuzihifadhi katika vitabu visivyotoka maktabani. Wakati huo huo makopo, mitungi, dawa za mimea na mashine yameingia nchini yakiwa na karatasi ambazo mamilioni hawawezi kuzisoma. Tazama ukurasa ule wa mjomba tena. Hamna neno hata moja lililohitaji kamati. Vali, kopo, bisibisi: mafundi wanayo tayari. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Kilipungukiwa na watu wa kuketi na kuandika ukurasa.

Sheria nayo haituzuii, bali hutusukuma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kuwa Kiswahili ndicho lugha ya taifa na kuwa lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Vikisomwa pamoja vifungu hivyo viwili, ni vigumu kuona jinsi karatasi ya lugha tisa isiyo na Kiswahili inavyomtimizia mzee wa Mombasa haki yake. Wanaoingiza bidhaa za moto, za sumu na za umeme wanapaswa kudaiwa ukurasa mmoja wa Kiswahili. Si ghali, ni karatasi na wino.

Lakini ukurasa huo utaandikwa na nani? Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Katika masomo yetu ya insha za kiuamilifu, maagizo ni mojawapo ya tungo zinazotajwa. Aghalabu hufundishwa kwa kipindi kimoja, kwa mfano wa kupika chai, kisha mwanafunzi hukimbilia methali na tashbihi zitakazompa alama. Matokeo yake ni vijana wanaoweza kulisifu jua linavyochomoza kwa mistari kumi, lakini hawawezi kumwambia mwenzao namna ya kufungua mtungi. Nami ni zao la mafunzo hayo hayo. "Inapendekezwa kwamba" yangu haikushuka mbinguni.

Rai yangu ni hii. Mwalimu na alete darasani chombo kisicho na hatari: pampu ya baiskeli, kufuli, taa ya sola. Nusu ya darasa iandike maagizo ya kukitumia. Nusu nyingine, ambayo haijakiona kikitumiwa, iyafuate maagizo hayo neno kwa neno bila kuuliza. Pampu isipotoa upepo, insha imefeli, hata ikiwa imepambwa kwa methali ishirini. Mtihani huo hauna huruma, wala hauhitaji kalamu nyekundu. Wanafunzi watagundua wenyewe tofauti ya pindua na zungusha, faida ya kitenzi cha amri kuliko cha kutendwa, na kwa nini tahadhari hutangulia tendo. Hiyo ni sarufi, tena sarufi iliyo na kazi.

Mkono wa mjomba umepona, ingawa ngozi ya kidole cha shahada bado inang'aa na haikunjiki vizuri asubuhi. Ameubandika ule ukurasa ndani ya kifuniko cha kasha lake la biri. Majuzi kijana wa jirani anayeuza viberiti mtaani alikuja kuomba aunakili, na mjomba alimruhusu kwa sharti kwamba asibadilishe neno la kwanza. Kijana alitaka kuanza na kusifu bidhaa yake. Mjomba akakataa. Ukurasa ule unaanza kwa "Ondoa jiko", na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine unapostahili kuanzia.